Ndege Ikichelewa, Kungoja Si Kunyamaza

Kila mwisho wa Agosti, na tena wiki za mwanzo za Januari, simu yangu hujaa ujumbe wa sauti kutoka viwanja vya ndege. Shangazi kakwama Doha, ndege ya kwanza ilichelewa na ya pili haikumngoja. Binamu yuko Addis Ababa anazunguka na mtoto mgongoni, anatafuta maji ya moto ya kukorogea maziwa. Mwingine hajatoka hata Unguja: saa ya kuondoka imebadilishwa ubaoni, na sasa hata hiyo saa mpya imepita. Wanasimulia kwa upole, wananiombea dua na mimi nawaombea. Kisha nauliza: wamekupeni chakula? Wamekwambieni sababu? Mmeshika karatasi yoyote mkononi? Hapo wanakaa kimya. Hawakuuliza.

Sisi wa pwani tumefunzwa kungoja tangu wadogo. Ukifika kwa watu ukamkuta mwenyewe anaswali, unakaa barazani mpaka atoke. Boti ya Pemba ikizuiwa na upepo, watu hutandika kanga, wakatoa mkate na chai ya chupa, wakaanza kuulizana ukoo. Malezi haya nayapenda na ninawalea wanangu kwayo huku Ujerumani. Lakini nimeona pia namna yanavyotugharimu. Tiketi ni mkataba. Mtu amefanya kazi za usiku mwaka mzima, akalipa, na ndani ya mkataba ule kuna mambo anayodaiwa na kuna mambo anayodai. Tunayodaiwa tunayatimiza yote, kilo kwa kilo. Tunayodai tunayaacha kaunta.

Kilo zenyewe ndizo zinazoanzisha foleni. Anayerudi Ulaya kutoka Zanzibar habebi nguo. Anabeba ubuyu, halua, karafuu, achari, papa mkavu aliyefungwa mara tatu ili asinuke, na kifurushi cha jirani ambaye hakusema ndani mna nini. Kwenye jengo la tatu la uwanja wa Abeid Amani Karume utawaona watu wamechuchumaa mbele ya mizani, masanduku wazi, wakihamisha vitu kutoka sanduku la mama kwenda la mtoto kwa sababu limezidi kilo 23. Foleni nzima inasimama nyuma yao. Pima nyumbani. Mizani ndogo ya kuning'iniza mkononi haina bei kubwa, na inakuondolea aibu na faini kwa pamoja. Kifurushi cha jirani kifunguliwe mbele yake, kwa heshima lakini bila kuona haya, maana atakayeulizwa na forodha ni wewe.

Jua pia kinachoruhusiwa unakokwenda, kwa sababu foleni inayokuchelewesha baada ya safari ndefu ni ile ya forodha. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria anayetoka nchi zetu kuingiza nyama wala maziwa na vitu vinavyotokana navyo, kwa hiyo samli ya Pemba, hata iwe nzuri namna gani, itabaki kwenye pipa la taka. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yako. Matunda na mboga mbichi zinataka cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Embe boribo halimo kwenye orodha hiyo, na kisamvu kibichi hakimo. Doriani imo, ingawa sijui nani atakubali kukaa nayo ndani ya ndege.

Sasa niseme habari ya usiku mmoja, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Tulikuwa Unguja, tumeshapita ukaguzi na uhamiaji, tumekaa mbele ya geti. Ndege ilikuwa ya shirika moja la Ulaya. Saa ya kupanda ikafika, hakuna kilichotokea. Baadaye likaja tangazo kwamba kuna hitilafu ya kiufundi na mafundi wanaishughulikia. Wazungu waliokuwa wanatoka hoteli za Nungwi na Paje wakasimama mara moja kwenda kuuliza. Wetu wakabaki wamekaa. Palikuwa na dada mmoja mwenye mtoto mchanga, bibi mmoja anayekwenda kwa mwanawe, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na vijana wawili wa Kikenya waliotakiwa kuunganisha ndege nyingine kwenda Oslo. Bibi alikuwa na sukari. Nilijua kwa sababu nilimsalimia, "Shikamoo bibi," akaitikia "Marahaba mwanangu," kisha akaniuliza kama nina kitu chochote cha kutia mdomoni, maana ameshachoma sindano akitegemea chakula cha ndani ya ndege.

Nikaenda kaunta. Kijana aliyekuwa pale alikuwa amesimama tangu magharibi na amekwisha kutukanwa na watu kadhaa. Nikamwambia, "Assalaam alaykum kaka, pole na kazi. Naomba kujua mambo matatu tu: sababu ya kuchelewa, saa mpya ya kuondoka, na chakula cha abiria kinatolewa wapi." Akajibu kwamba yeye hajui, hajaambiwa kitu. Nikamwuliza mwakilishi wa shirika ni nani usiku huu na yuko wapi.

Swali hilo ndilo ninaloomba msomaji alichukue kutoka kwenye makala hii kuliko mengine yote. Mara nyingi anayesimama mbele yako hajaajiriwa na shirika la ndege. Ameajiriwa na kampuni inayohudumia ndege ardhini kwa mkataba, ndege za mashirika mengi kwa zamu moja. Hana mamlaka ya kukupa hoteli, na hana habari zaidi ya zile anazopewa kwa redio. Kumgombeza yeye ni kumwonea. Lakini yeye anamjua mwenye mamlaka, na ukimwomba kwa adabu akuitie, atamwita. Mwakilishi alikuja. Nikamweleza habari ya bibi na ya mtoto mchanga kwanza, kabla ya habari yangu. Kuponi za chakula zikatoka, na zikatoka kwa geti zima. Bibi akaletewa wali na kuku.

Kwa nini zilitoka? Si kwa huruma. Kuna sheria, na mwakilishi alijua kwamba tunaijua.

Sheria yenyewe ni Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu Februari 2005. Inamlinda abiria wa ndege yoyote inayoondoka kutoka uwanja wa Umoja wa Ulaya, liwe shirika la nchi gani, na pia abiria anayeingia Umoja wa Ulaya kutoka nje akiwa na shirika la Ulaya. Uraia wako hauhusiki hata kidogo. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Komoro ana haki ile ile aliyonayo Mjerumani aliyekaa kiti cha pili. Wengi wetu hudhani mambo haya ni ya wenye nchi, na nadhani ndiyo maana hasa wetu walibaki wamekaa usiku ule.

Kwa safari ndefu kama za kwetu, zinazozidi kilomita 3,500, ndege ikitarajiwa kuchelewa kuondoka saa 4 au zaidi, shirika linatakiwa kukupa chakula na kinywaji na nafasi ya kupiga simu mbili au kutuma ujumbe. Ukilazimika kulala, linakupa hoteli na usafiri wa kwenda na kurudi. Safari fupi zinaanza mapema zaidi, saa 2 au 3. Kuchelewa kukifika saa 5, una haki ya kukataa kusafiri na kurudishiwa nauli.

Fidia ya fedha ni jambo jingine, na watu huyachanganya haya mawili mpaka wanakosa yote. Tangu hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ya Novemba 2009, anayefika mwisho wa safari akiwa amechelewa saa 3 au zaidi anaweza kudai fidia. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 ni yuro 600, ingawa shirika linaweza kuipunguza nusu kama kuchelewa kulikuwa kati ya saa 3 na 4. Uingereza ilipotoka kwenye Umoja ilibaki na sheria yake ya namna hiyo hiyo, na kiwango cha juu ni pauni 520. Saa ya kufika haihesabiwi magurudumu yanapogusa ardhi. Inahesabiwa mlango wa ndege unapofunguliwa, mahakama ilisema hivyo mwaka 2014. Dakika ishirini za kusubiri ngazi zinaweza kuwa ndizo zenye fedha, kwa hiyo mlango ukifunguka tazama saa na uandike.

Shirika halilipi fidia kama sababu ilikuwa nje ya uwezo wake: dhoruba, mgomo wa waongozaji ndege, anga kufungwa. Hitilafu ya kiufundi ya kawaida haiingii humo, na mahakama imeshikilia hivyo tangu 2008, maana kutunza ndege ndiyo kazi yao. Hapa ndipo kujua sababu, na kuipata kwa maandishi au kwa picha ya ubao, kunapokuwa na thamani. Usiku ule tuliambiwa "hitilafu ya kiufundi" mbele ya watu wote. Niliandika maneno hayo na saa yaliposemwa.

Na hata sababu ikiwa ya Mungu mwenyewe, chakula na malazi hayaondoki. Aprili 2010 mlima wa volkano wa Eyjafjallajökull kule Iceland ulimwaga majivu angani, Ulaya ikafunga anga lake kwa siku kadhaa. Mamilioni ya watu walikwama, na maua ya Naivasha yakaozea Nairobi kwa kukosa ndege ya kuyabeba. Shirika moja la bei nafuu lilikataa kumlipia abiria hoteli na chakula likisema janga lilikuwa kubwa mno. Mwaka 2013 mahakama ile ile ikaamua kwamba hata volkano haiondoi wajibu wa kumlisha na kumlaza abiria. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni hali ya hewa, hatutoi kitu," amekwambia nusu. Fidia huenda hakuna. Kitanda kipo.

Nitoe tahadhari moja: Juni 2025 mawaziri wa usafiri wa Umoja wa Ulaya walifikia msimamo wa kutaka kuzisogeza saa za fidia kutoka 3 ziwe 4 kwa safari fupi na 6 kwa safari ndefu. Angalia sheria inasemaje siku unayosafiri.

Wengi wetu lakini hatusafiri na mashirika ya Ulaya. Tunapita Doha, Dubai, Muscat, Addis Ababa, kwa sababu ya nauli na kwa sababu chakula cha halali kinapatikana. Ukiwa unatoka Frankfurt kwenda Zanzibar kupitia Doha kwa tiketi moja, Kanuni 261 inakulinda safari nzima, kwani umeondokea Ulaya. Ukirudi, Zanzibar kupitia Doha kwenda Frankfurt kwa shirika la Ghuba, haikulindi. Hapo unashika Mkataba wa Montreal wa 1999, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa ndege, ambao Tanzania na Kenya zimo. Mkataba huo hauna fidia ya mkupuo, unadai hasara uliyoipata na kuithibitisha: risiti ya hoteli, ya teksi, ya chakula, ya maziwa ya mtoto. Basi weka risiti zote, hata za kikombe cha chai. Mzigo ukichelewa, dai liandikwe ndani ya siku 21 tangu ulipoupata. Ukiharibika, ndani ya siku 7. Na usitoke kwenye ukumbi wa mizigo kabla ya kujaziwa fomu ya mzigo uliopotea na kupewa namba yake.

Tiketi moja, nimesema, na nalirudia kwa sababu linaumiza familia nyingi. Mtu hununua ndege ya kwenda Dubai kwa huku, kisha ya Zanzibar kwa kule, akiokoa kidogo. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haimjui. Atanunua nyingine kwa bei ya siku ile. Zikiwa kwenye tiketi moja, ni kazi ya shirika kukufikisha.

Nimekaa nikajifunza pia kwa nini ndege huchelewa, na kujua kumenipunguzia hasira. Ndege haikai. Ile inayokuchukua usiku imetoka Ulaya asubuhi, pengine imetua kwanza Kilimanjaro au Mombasa kabla ya kuja kwetu, na kila dakika iliyopotea njiani inarithiwa na abiria wa mbele. Ni kama daladala ya mwisho: ikikwama Mwanakwerekwe, anayeumia ni anayesubiri Darajani. Kisha kuna saa za kazi za marubani na wahudumu, ambazo zimewekewa kikomo kwa sheria. Ndege ikitengenezwa kwa saa nyingi, inaweza kupona huku wafanyakazi wake wameishiwa muda. Ndipo unasikia "tutaondoka kesho" wakati ndege unaiona pale nje inang'aa. Wakikwambia hivyo, hawakudanganyi, na hungependa rubani aliyechoka akubebe wewe na wanao juu ya Sahara.

Zipo siku ambazo hakuna kaunta itakayokusaidia haraka. Agosti 7, 2013, jengo la wanaofika kutoka nje katika uwanja wa Jomo Kenyatta liliungua, ndege zikapelekwa Mombasa na kwingineko, na kwa muda abiria wakahudumiwa kwenye mahema. Aprili 16, 2024, Dubai ilipata mvua ambayo haijaonekana tangu kumbukumbu zao zianze mwaka 1949, maji yakafunika njia za ndege na watu wakalala sakafuni. Siku kama hizo ndipo malezi yetu ya barazani yanapofanya kazi. Anayetandika kanga, anayegawa tende, anayemshikia mwenziwe foleni ili akaswali au ampeleke mtoto chooni, huyo anasaidia kuliko tangazo lolote. Tafuteni watu wa kwenu, au watu wowote wenye watoto, mkae pamoja. Mmoja asimame kaunta, mmoja apige simu kwa shirika, mmoja ajaribu programu ya simu. Atakayepata kwanza awaite wengine. Foleni ya watu mia tatu mbele ya dawati moja haikimbii, lakini simu ya huduma kwa wateja katika nchi nyingine huenda ikapokelewa.

Kwa siku hizo begi la mkononi ndilo nyumba yako. Dawa za presha, sukari, pumu na nyinginezo zote zikae humo, za siku kadhaa zaidi ya safari, pamoja na cheti cha daktari. Betri ya akiba ya kuchajia simu (power bank) hairuhusiwi kwenye sanduku la chini kwa sababu ni ya lithiamu, kwa hiyo lazima iwe humo. Kanga mbili, nguo ya kubadilisha, tende na korosho. Sheria ya vimiminika vya mililita 100, iliyokuja baada ya njama ya Agosti 2006 kule Uingereza, haiyagusi maziwa ya mtoto mchanga wala dawa unazozihitaji njiani; sema tu mapema, ukiziweka pembeni wakati wa ukaguzi.

Wazee wetu wanastahili zaidi. Naona bibi za watu wamesimama foleni ya uhamiaji saa nzima, miguu imevimba, kwa sababu mtoto wao aliona haya kuomba kiti. Kiti cha magurudumu hakilipiwi. Katika Ulaya ni haki kwa kanuni ya mwaka 2006, na inatakiwa uombe saa 48 kabla. Si lazima mtu awe hawezi kutembea kabisa. Inatosha asiweze kutembea mbali au kusimama sana. Msaidizi atampitisha kwenye ukaguzi na pasipoti na kumfikisha geti. Ukimkatia mama tiketi, kiombe siku hiyo hiyo, kisha kithibitishe tena kwa simu.

Tena, kama mama anakuja kwa viza ya muda mfupi, mpe nafasi ya kutosha kati ya ndege na ndege. Tangu Oktoba 12, 2025 nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zilianza mfumo wa kusajili alama za vidole na picha ya uso badala ya mhuri kwenye pasipoti, na mara ya kwanza usajili unachukua muda. Wenye kadi ya ukaazi hawasajiliwi humo, kwa hiyo iwe mkononi pamoja na pasipoti kabla hujafika dirishani. Mimi kwa mama siweki chini ya saa tatu.

Kuhusu kudai baada ya safari: andika kwa shirika mwenyewe, kwenye fomu iliyo katika tovuti yao. Kampuni zinazojitolea kukudaia hukata sehemu nzuri ya fedha zako, na kwa dai la wazi huna haja nazo. Weka namba ya ndege, tarehe, saa iliyopangwa, saa mlango ulipofunguka, sababu uliyotajiwa, na picha za tiketi. Jibu la kwanza mara nyingi ni "hapana" lenye maneno ya heshima. Andika tena. Uholanzi una miaka 2 ya kudai, Ujerumani 3 inayohesabiwa tangu mwisho wa mwaka wa safari, na England na Wales 6. Dada yule mwenye mtoto mchanga alikataliwa mara ya kwanza. Alipoandika mara ya pili akitaja tangazo la "hitilafu ya kiufundi" na saa lilipotolewa, alilipwa.

Nyumbani nako kuna mlango wa kubisha, na haujulikani inavyostahili. Tanzania ina Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, lililo chini ya sheria ya usafiri wa anga, na kazi yake ni kusimama upande wa abiria. Unaanza kwa kulalamika kwa shirika lenyewe. Usiporidhika, unalipelekea Baraza. Unaandika kwa Kiswahili. Mjomba wangu, ambaye ndege yake ya kwenda Mwanza iliahirishwa bila maelezo akakosa mazishi, ameandika ukurasa mmoja, akaambatisha picha ya tiketi na ya ujumbe alioupata. Shirika halijamjibu. Barua ya pili, ya Baraza, ameshaianza.